Jogoo Aliyepanda kwa Dirisha

Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora ni ya njia moja, na ndiyo maana stesheni za vijijini kama Bukwimba na Malya zina kazi kubwa kuliko majengo yake: hapo ndipo treni hupishana, moja ikijibana kwenye njia ya pembeni mpaka nyingine ipite. Sisi abiria wa daraja la tatu huduma hiyo tunaijua kama soko. Treni ikisimama tu, akina mama hujaa madirishani na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga, mayai ya kuchemsha na kuku hai waliofungwa miguu.

Safari hiyo tulikuwa tumetoka Mwanza, na katika stesheni mojawapo tukaambiwa tunasubiri treni ya mizigo. Kusubiri kwa namna hiyo kwa kawaida humtosha mtu kushuka, kunywa chai, kurudi na kusinzia, kwa hiyo nilipatana bei ya jogoo bila haraka, huku nikimpapasa kifua kupitia dirishani kama daktari. Treni ya mizigo ikapita ikinguruma, honi yetu ikalia, na mabehewa yakaanza kusogea kabla sijatoa hata shilingi.

“Mwanangu, hela!” mama akapiga kelele akikimbia sambamba na dirisha.

Nikamrushia noti. Naye, kwa uaminifu ambao bado naustaajabia, akamrusha jogoo ndani, isipokuwa kamba ilifunguka na kubaki mkononi mwake.

Jogoo alipita juu ya vichwa vya watu, akamwaga uji wa mtoto, kisha akatua kwenye gunia la dagaa la mzee mmoja aliyelala, akatoboa tundu na kuanza chakula cha mchana. Mkagua tiketi alipoingia akauliza mwenye kuku ni nani, behewa zima likaninyooshea kidole, na yule mtoto wa uji pia.

“Tiketi yake iko wapi?”

“Afande, amepandia dirishani.”

Jibu hilo, ambalo lilikuwa la kweli tupu, liliongeza faini. Mwenye dagaa, alipoamka, alidai fidia, na abiria waliokaa baraza papo hapo wakaamua achukue jogoo. Tulipofika Shinyanga alimuuza dirishani kwa bei iliyozidi niliyotoa mimi, akiwa amefungwa miguu barabara kwa kamba ya kiatu changu.