Kinyago cha Kirega hakikuchongwa kikae peke yake

Hapa Brussels nasikia sana, hata kwa Wakongo wenzangu, kwamba heri vinyago vyetu vilichukuliwa vikaja Ulaya, maana vingebaki kwetu mchwa wangevimaliza zamani. Mimi ni Mrega, wa mashariki mwa Kongo, na neno hilo linanichoma kila ninapolisikia. Ubao umepona, sawa. Lakini ubao ndio ulikuwa sehemu ndogo kuliko zote.

Panda tramu namba 44 pale Montgomery, itakushusha Tervuren, kwenye makumbusho ya Afrika yaliyofunguliwa mwaka 1910, yakafanyiwa ukarabati na kufunguliwa tena Desemba 2018. Vitu vya Warega vimo humo, kama vilivyomo katika makumbusho mengine mengi ya Ulaya na Marekani. Utaona lukwakongo: kijiuso cha mti kisichofika ukubwa wa uso wa mtu mzima, kimebonyea katikati, kimepakwa udongo mweupe. Kama kina bahati, kidevuni kina ndevu ndefu za nyuzi. Vingi vilivyoko Ulaya havina ndevu tena, na mtazamaji haoni kama kuna kilichopungua. Wakati ndevu zile ndizo mpini. Kwetu kinyago hiki hakivaliwi usoni tu. Mtu hukifunga kwenye paji la uso au mkononi, hukishika kwa ndevu akacheza nacho, hata hukiburuta chini kwa ndevu hizo hizo, na kila tendo lina wimbo wake na methali yake. Siku nyingine hujengwa ua mdogo, kikatundikwa kinyago kikubwa, idimu, na vile vidogo vikakizunguka. Anayeingizwa katika bwami, chama chetu cha mafunzo na vyeo, anatazama, anaimbiwa, anaonywa. Kinyago kile kile leo kinaweza kumfundisha juu ya mzee mwenye busara, na katika ngoma nyingine kikamwonyesha mtu mbaya asiyesikia la mkubwa. Ukikiweka peke yake ndani ya kioo, huwezi kujua kinasema lipi.

Wazungu wengi huniuliza ni mzimu gani huyo. Nawaambia hapana, hili ni somo la tabia. Bwami ndiyo iliyoshika Warega wa Mwenga, Shabunda na Pangi, watu ambao hawakuwa na mfalme mmoja juu yao. Mtu alianza cheo cha kongabulumbu, akaenda ngandu, akafika yananio, na wachache wakafikia kindi. Lukwakongo ni cha watu wa yananio. Wa kindi wana lukungu, cha pembe ya ndovu au mfupa. Mwenyewe akifa, kinyago huwekwa kaburini pake kwa muda, kisha ndugu anayestahili hukipokea. Kwa hiyo kila kinyago kilicho Ulaya kilikuwa na mtu aliyekuwa akikingojea.

Ndipo ninapoona tofauti ya huku na kwetu. Huku mtu hupanda cheo peke yake: anapeleka vyeti, anafanyiwa usaili, anasaini mkataba, na jirani wa mlango wa pili wala hana habari. Katika bwami hupandi kama ukoo haujakuchangia, wa kwa baba na wa kwa mama, nyama na musanga, fedha yetu ya kale ya makombe, za kugawia wakubwa. Na mali peke yake haitoshi, kwa sababu mgomvi na mwenye mdomo mchafu hukataliwa. Mke naye hupanda: mke wa kindi huwa kanyamwa, na watu humheshimu kwa cheo hicho. Nimeishi na mifumo yote miwili, na sioni aibu kusema ule wa wazee wetu ulimjua mtu vizuri zaidi.

Serikali ya kikoloni iliipiga bwami marufuku mwaka 1948, ikidai ni hatari kwa utawala. Vitu vikafichwa, vikanyang'anywa, vikauzwa. Lakini tusiwatupie Wabelgiji lawama zote. Leo kwetu kuna wachungaji wanaosimama madhabahuni kusema bwami ni uchawi, na vijana wanaitikia amina bila kumuuliza babu hata neno moja. Hilo linaniuma kuliko kioo cha Tervuren.

Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alipeleka Kinshasa kinyago cha Wasuku, kabila jingine la Kongo, kiitwacho kakuungu, kwa mkopo usio na mwisho. Mkopo! Kitu chetu tunakopeshwa. Mwaka huo huo Ubelgiji ikapitisha sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa enzi za ukoloni, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote, ila nataka vya Warega visiishie kwenye makumbusho ya Kinshasa, ambako vitapata kioo kingine. Vifike Shabunda na Pangi, walipo wanaovijua.

Na wanaovijua wanapungua. Wewe uliyeko Kamituga, Kitutu au Kalima, kama kwenu kuna mzee wa yananio au kindi, au mama aliye kanyamwa, mwendee mapema. Simu unayo, mrekodi. Nyimbo nyingine ni za walioingizwa tu, na hizo zibaki kwao. Mwache yeye mwenyewe achague lipi liende nje. Muulize kinyago cha ukoo kiliitwaje, nani alikishika kabla yake, na nani angekipokea baada yake. Majina hayo ndiyo tutakayohitaji siku tutakapokwenda kudai.