Maelekezo ya msaidizi yaanzie pale kompaila inapoishia

Miradi mingi ya programu siku hizi ina faili la maelekezo kwa wasaidizi wa akili mnemba. Kwingine linaitwa AGENTS.md, kwingine CLAUDE.md, na yaliyomo hayatofautiani sana: majina ya vigeu yajieleze, msimbo usirudiwerudiwe, maoni yawe mafupi, mtindo wa mradi ufuatwe. Fungua faili la namna hiyo kwenye mradi wa Haskell au OCaml (lugha za programu za kifanksheni), utafute sentensi hata moja ambayo isingeweza kukaa kwenye mradi wa Python. Mara nyingi hutaipata.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Anayeandika programu kwa mtindo wa kifanksheni (wa kuunganisha fanksheni badala ya kubadilisha thamani hatua kwa hatua), katika lugha yenye aina kali, yaani inayokagua aina ya kila thamani kabla programu haijaendeshwa, ana kompaila mbishi: chombo kinachotafsiri msimbo na kuukataa wenye kasoro. Ubishi huo ndio mtaji wake. Kila kanuni ambayo kompaila au chombo kingine kinaweza kuisimamia itolewe kwenye faili, ikabidhiwe chombo hicho. Faili libaki na yale tu ambayo kompaila haiyaoni, na kila kanuni iandikwe pamoja na sababu yake.

Chukua mpangilio wa msimbo. Kuna vyombo vya kuupanga: Ormolu, ocamlformat na elm-format. Kumweleza msaidizi aache nafasi ngapi mwanzoni mwa mstari ni kupoteza maneno. Au ule ushauri wa siku zote kwa wanaoandika Haskell, kwamba `head` (fanksheni inayotoa kipengele cha kwanza cha orodha) isitumike kwa sababu inaanguka ikipewa orodha tupu. Tangu toleo la 9.8 la GHC (kompaila ya Haskell) la mwaka 2023, kompaila yenyewe inatoa onyo ikikutana na `head` au `tail`. Washa `-Werror` ili onyo ligeuke kosa, kisha futa ule mstari. Maelekezo yakirefuka, yaliyo muhimu humezwa na yasiyo muhimu.

Tena, tukumbuke wasaidizi hawa wamelelewa wapi. Wamejifunza kwa maandishi mengi mno ya Python, JavaScript na Java, na kwa machache ya Haskell au F#. Kwa hiyo huandika Haskell yenye lafudhi ya ugenini. Thamani isipopatikana, hurudisha -1 au maandishi matupu badala ya `Nothing`, njia ya Haskell ya kusema "hakuna". Panapotosha kukunja orodha hadi jibu moja kwa `foldl'`, hufungua `IORef` (kisanduku cha thamani inayobadilika) na kuibadilisha hatua kwa hatua. Hutupa hitilafu katikati ya fanksheni ambayo tamko lake la aina (mstari unaosema inapokea nini na kurudisha nini) linaahidi jibu kila mara. Yote hayo hupita kwenye kompaila bila kelele, na hayo ndiyo ya kuandikwa. Linganisha na Elm, lugha nyingine ya kifanksheni: toleo la 0.19 la mwaka 2018 liliondoa `Html.program`, fanksheni ya kuanzishia programu, na msaidizi bado anaweza kukuletea msimbo wa zamani wenye jina hilo. Hiyo haihitaji kanuni. Kompaila itamkatalia papo hapo, naye atajirekebisha.

Kanuni ninayoipigania kuliko zote inahusu kistari cha chini, ile ruwaza ya "vyovyote vingine". Tazama aina hii yenye hali tatu:

```haskell
data Malipo = Yanasubiri | Yamekamilika | Yamekataliwa

ujumbe :: Malipo -> String
ujumbe Yamekamilika = "Tumepokea malipo yako"
ujumbe _            = "Malipo yako hayajakamilika"
```

Leo fanksheni hii haina kosa. Mstari wa mwisho ni kweli kwa `Yanasubiri` na ni kweli kwa `Yamekataliwa`. Kisha mwenzako anaongeza hali ya nne, `Yamerudishwa`. Kama kila hali ingetajwa kwa jina, onyo la `-Wincomplete-patterns` lingekuonyesha kila mahali panapohitaji uamuzi mpya. Lakini kistari kimeiziba kompaila mdomo. Mteja aliyerudishiwa fedha zake anaambiwa malipo hayajakamilika, na huenda hakuna jaribio litakaloanguka. Wasaidizi wanakipenda sana kistari hicho, maana kinafupisha msimbo na kunyamazisha onyo kwa pigo moja.

OCaml ina onyo namba 4 kwa ruwaza dhaifu za namna hii, ila huja limezimwa. Kama mradi wako unaweza kuvumilia kelele zake, liwashe. Kwenye Haskell kanuni naiandika: aina iliyotangazwa ndani ya mradi itajwe hali zake zote kwa majina, kwa sababu tunaitegemea kompaila ituonyeshe pa kurekebisha hali mpya ikiongezwa. Hiyo "kwa sababu" isiachwe. Bila hiyo, msaidizi ataipeleka kanuni hadi kwenye namba na herufi, mahali ambapo kistari cha chini hakikwepeki.

Jambo la pili kwa uzito ni mamlaka juu ya aina. Ukimwambia msaidizi "hakikisha inakompaili", atahakikisha, na atapita njia fupi kuliko zote. Atapanua aina finyu iwe pana. Atachomeka `error "haiwezi kutokea"`. Akibanwa zaidi, kuna njia za nyuma za kuikwepa kompaila, `unsafePerformIO` kwenye Haskell na `Obj.magic` kwenye OCaml, na zote mbili anazijua. Yaron Minsky wa Jane Street, kampuni ya biashara ya fedha inayotumia OCaml, alitoa ushauri ambao umekuwa msemo kwa wapenzi wa lugha hizi, kwamba hali batili zifanywe zisiweze hata kuelezwa kwa aina. Aina zilizosukwa hivyo ni maamuzi kuhusu mradi mzima, na mtu aliyepewa kazi ya kujaza mwili wa fanksheni moja hana sababu ya kuyagusa. Kwa hiyo matamko ya aina naandika mimi, miili anaandika msaidizi, na tamko likimshinda asimame aulize. Wapo wanaoona huku ni kumfunga mikono. Mimi naona ndiyo faida yenyewe: nikikagua kazi yake naanza na matamko, na kama hayajaguswa, nusu ya wasiwasi umeondoka.

Hoja ninayoisikia mara kwa mara ni kwamba modeli za sasa hazihitaji kuelezwa, zinasoma msimbo uliopo na kuuiga. Ni kweli zinaiga. Tatizo ni kwamba huiga hata ile moduli ya zamani ambayo kila mtu kwenye mradi anaionea haya. Badala ya kurasa za maelezo, taja moduli ya kufuatwa na taja ya kuepukwa, basi. (Nikiwa hapo huongeza ombi moja la kibinafsi: asinirembee msimbo kwa alama za kutisha pale ambapo fanksheni ya kawaida yenye jina inatosha. Hilo ni suala la ladha, na sioni aibu kuiandika ladha yangu.)

Kuhusu majaribio, msaidizi aliyeandika fanksheni akiachiwa aandike na majaribio yake, aghalabu atarudia mawazo yaleyale mara mbili, na kosa likiwa kwenye mawazo litapita pande zote. Tangu Koen Claessen na John Hughes walipoitambulisha QuickCheck, chombo cha majaribio cha Haskell, mwaka 2000, tuna njia bora: mtu aandike sifa inayopaswa kuwa kweli daima, kwa mfano kwamba ukifunga data kisha ukaifungua unapata kile ulichoanza nacho, mashine itafute mfano wa kuivunja. Sifa hizo nazo zisiguswe na msaidizi.

Hoja yangu inapungua nguvu kwa wanaotumia Clojure, lugha ya kifanksheni ambako hakuna kompaila ya kukagua aina kabla programu haijaendeshwa. Huko faili litarefuka, halina budi, maana mengi ambayo kwenye Haskell ningeyafuta yanabaki kuwa maneno tu. Elixir, lugha nyingine ya kifanksheni, iko njiani: tangu toleo la 1.18 kompaila yake imeanza kukagua aina katika miito ya fanksheni. Kila inapoongeza uwezo, nadhani wenye miradi hiyo watakuwa na mistari ya kufuta.