Palizi ya mahindi Malindi: wiki ya tatu au ya tano?

Mvua ya masika, ambayo wakulima wengi wa Malindi huiita mvua ya mwaka, huanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kufikia kilele mwezi wa Mei. Katika majuma hayo machache mwenye konde la mahindi hulazimika kuamua kama atapalilia wiki ya pili au ya tatu baada ya mahindi kuota, au atangoja wiki ya tano ili jembe lipite mara moja tu. Maafisa wa kilimo husisitiza mapema. Wakulima wengi hungoja, na si kwa uvivu.

Hoja ya kungoja ina uzito. Wiki za kwanza za mvua watu bado wanapanda, vibarua ni haba, na ujira wao hutakiwa kabla shamba halijatoa hata hindi moja la kuchoma. Isitoshe, udongo uliolowa haupaliliki vizuri. Asiyeamini na ang'oe gugu la kongwa asubuhi ya mvua, alitupe papo hapo kati ya mistari, kisha arudi baada ya siku chache: vifundo vya shina vilivyogusa udongo vitakuwa vimetoa mizizi myeupe, na gugu litakuwa limeinuka tena kana kwamba limepandikizwa. Hapo mtu amemlipa kibarua amwenezee magugu. (Tena anayefyeka kila kitu mapema hujinyima mchunga, mboga chungu ambayo nyumba nyingi za huku huila na sima.)

Hata hivyo, mahindi huamua mambo makubwa yakiwa bado machanga. Idadi ya mistari ya punje katika gunzi huwekwa mche ukiwa na majani kama saba au nane, wakati mbelewele haijaonekana hata kidogo. Mche pia huhisi majirani kabla hawajaanza kunyang'anyana maji, kwa kuwa mwanga unaorudishwa na majani mabichi ya magugu hubadilika rangi kwa namna ambayo jicho letu halioni lakini mmea huitambua, nao hurefusha shina mapema kuliko ilivyofaa.

Lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni suala la naitrojeni. Mwaka 1958 H. F. Birch, aliyekuwa mtafiti Muguga karibu na Nairobi, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba udongo uliokauka, ukilowa, huozesha mboji yake kwa kasi na kuachilia naitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Ndiyo hali ya mashamba yetu baada ya kiangazi cha Januari na Februari. Mwenye mizizi wakati huo ndiye anayekula, na magugu yanayoachwa hadi wiki ya tano huwa yameshashiba. Mkulima huja kuona jani la chini la hindi likigeuka manjano kuanzia nchani na kufuata uti wa katikati, akadhani ni maji yamezidi.

Watetezi wa kungoja wanaweza kujibu kwamba katika udongo wetu wa kichanga mvua ya Mei huisomba naitrojeni chini ya mizizi, hivyo magugu huiweka akiba na kuirudisha yakikatwa na kuachwa yaoze. Ni kweli, ila hurudi mistari ya punje ikiwa imeshawekwa, kama mchango wa harusi unaoletwa wageni wakiwa wameshaondoka.

Kwa hiyo, kama palizi ni moja tu, naiweka wiki ya tatu, siku ambayo jua limewaka na udongo wa juu umekauka. Asiyeweza kulimaliza konde lote apalilie kwanza ukanda wa shubiri moja kila upande wa mstari, na katikati aache hadi wiki ya tano. Njia hii hupunguza kazi ya mwanzo. Haitoshi palipojaa ndago, ambayo huchipua upya kutoka kwenye viazi vyake vya chini na hudai jembe mara mbili. Wala haiwezi kuuokoa msimu ulioingiliwa na kiduha, kwa kuwa gugu hilo huanza kufyonza mizizi ya mahindi likiwa chini ya ardhi, na kuling'oa kabla halijatoa maua mekundu huisaidia misimu ijayo tu.