Maumbile hayatozi faini

Karibu na kituo kimoja cha daladala Temeke kuna ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: USIKOJOE HAPA, FAINI 50,000. Chini ya maandishi hayo ukuta umelowa. Katazo liliwekwa kwa sababu watu wanaweza kulivunja, na wanalivunja. Lakini sijaona popote ilipoandikwa kwamba ni marufuku embe kupaa juu likikatika kikonyo. Embe halihitaji kukatazwa.

Hata hivyo yote mawili tunayaita sheria. Kwa jambo la embe, mimi hupendelea neno "kanuni". Ukisema sheria, msikilizaji anaanza kumtafuta mtunga sheria, askari na hakimu. Ila kubadili neno hakumalizi ubishi wa zamani: kanuni za maumbile zinautawala ulimwengu, au ni maelezo yetu tu ya jinsi ulimwengu unavyokwenda?

Wanaosema zinatawala wana hoja nzito, na mkazi wa Dar hana haja ya kwenda mbali kuiona. Maji ya Msimbazi hushuka kutoka Pugu, yakapita Jangwani kuelekea baharini. Tumejenga bondeni, tumepewa vibali, tumebishana vikaoni. Desemba 2011 maji yalifuata mteremko kama kawaida yake, watu wakafa na maelfu wakabaki bila makazi. Hapo kusema kanuni ni "maelezo tu" kunasikika kama kumdharau aliyepoteza nyumba. Tena, kama ni maelezo ya yaliyokwisha kutokea, kwa nini tunayaamini kwa ya kesho? Waliojenga Daraja la Nyerere pale Kigamboni walipiga hesabu za uzito wa magari ambayo yalikuwa bado hayajapita.

Upande wa pili nao haukurupuki. Mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, alisema katika karne ya 18 kwamba tunachokiona ni jambo moja kufuatwa na jingine. Ule ulazima unaoyafunga pamoja hatujawahi kuuona kwa macho. Nenda Feri ukaongee na wavuvi. Watakuambia bamvu, yaani bahari kujaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kati ya hapo ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Ujuzi huo upo pwani yetu bila kumtaja mwanafizikia Newton hata mara moja. Newton, mwaka 1687, alionyesha kwamba mvutano unaoangusha tunda ndio unaoinua bahari. Hilo lilikuwa jambo kubwa mno. Lakini mwaka 1713 aliandika wazi kwamba chanzo chenyewe cha mvutano hakukipata. Na kanuni yake ilikuja kupelea: njia ya sayari ya Zebaki ilikuwa ikisogea kupita hesabu yake kwa kiasi kidogo sana kwa kila miaka 100, hadi Einstein alipoeleza sababu mwaka 1915. Zebaki haikuwa imevunja sheria yoyote. Maneno yetu ndiyo yaliyokuwa mafupi.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: mwenendo wa vitu upo, na haututegemei sisi; kanuni tunayoiandika kuhusu mwenendo huo ni kazi ya mikono yetu, na inaweza kurekebishwa. Kuchanganya viwili hivyo kunaumiza watu. Nimekaa kwenye kikao cha familia Mbagala nikamsikia baba mkubwa akimwambia binti aliyetaka kusomea ufundi umeme kwamba mwanamke na nyaya ni kinyume cha sheria ya maumbile. Nilimjibu kwa heshima: baba mkubwa, kama ni sheria ya maumbile, tumekaa hapa kumkataza nini? Jambo linalohitaji kikao na karipio ili lisimame liko upande wa ule ukuta wa Temeke.

Hata wasomi huteleza hapo. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliogopa kukosa nafasi kwenye friji, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na baadaye darasa likafanya hiyo "fizikia ya Mpemba" kuwa kichekesho. Alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza swali hilo Denis Osborne, mhadhiri aliyetoka chuo kikuu cha hapa Dar. Osborne alirudi akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha matokeo.

Mwalimu yule alikuwa na kanuni mkononi: cha moto lazima kwanza kifike kwenye joto la kile cha baridi, basi kitachelewa. Ni kweli, endapo mengine yote yako sawa. Lakini maji ya moto hupoteza mvuke, huzunguka chomboni kwa namna yake, na huweza kuyeyusha theluji iliyo chini ya chombo kikagusa ubaridi moja kwa moja. Sharti la "mengine yote yako sawa" ndilo lililosahauliwa, na kijana akachekwa kwa kusema alichokiona. Ubishi haujaisha: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya na kusema hawakuona ushahidi wa maana.

Jirani yangu anauza barafu za ubuyu, na humimina ubuyu kwenye vikopo ukiwa bado unafuka moshi; anasema zinawahi. Mwezi uliopita aliniruhusu tuweke viwili kwenye friza lake, cha moto na cha baridi, vya kipimo kimoja. Siku ya kwanza cha moto kiliganda mapema. Siku ya pili kikatangulia cha baridi. Jumamosi tunaweka tena, na safari hii tutaikwangua kwanza ile theluji.