Kompyuta ya safari za kikazi: uzito umepewa uzito mno

Muulize yeyote anayesafiri sana kikazi akushauri kompyuta mpakato ya kununua. Jibu la kwanza ni "chukua nyepesi". La pili, siku hizi, ni "chukua MacBook Air". Ushauri wenyewe si mbaya, na nitaupa haki yake. Kinachonikera ni jinsi upande wa pili unavyofukuzwa barazani kabla haujafungua kinywa. Nazungumzia zile mashine nyeusi, nene, zilizokwisha kutumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya, ambazo Kariakoo zinaitwa "used" na Nairobi zinaitwa "Ex-UK". Wasiozijua huziona mtumba wa asiyejiweza. Wanaozijua ni wakaguzi wa hesabu, maafisa wa miradi na mafundi mitambo wanaolala Kigoma leo na Sumbawanga keshokutwa, na hao huwakuti kwenye mabishano.

Tusizungumze hewani, tuchukue mashine mbili. Ya kwanza ni MacBook Air yenye chipu ya M1, iliyotoka Novemba 2020 na ambayo bado inatosha kazi karibu zote za ofisi. Ya pili ni Lenovo ThinkPad T480 ya 2018. Air ina kilo 1.29. T480 inaanzia kilo 1.58, na ukiipachika betri kubwa ya nyuma inasogelea kilo 2. Bega linaijua tofauti hiyo. Katika zile ndege ndogo za kwenda Mafia, ambako mzigo wako wote kwa kawaida usizidi kilo 15 na begi la mkononi limo, mizani nayo inaijua.

Lakini hoja nzuri ya wapenzi wa Air si uzito, ni betri. Apple inataja saa 15 za kuperuzi. Ondoa chumvi ya muuzaji, bado unabaki na siku nzima ya kazi, na kwa mtu ambaye umeme wa gesti humkatikia saa mbili usiku ripoti ikiwa nusu, hilo halina mjadala. Isitoshe haina feni. Fungua kompyuta yenye feni kila siku ndani ya gari linalotimua vumbi, kisha mpe fundi aifungue baada ya mwaka. Utaona alichokitoa humo. Na kioo: cha Air kinafika niti 400 za mwanga, ilhali T480 nyingi zilitoka na kioo cha niti 250, ambacho mchana chini ya mwembe hukuonyesha uso wako mwenyewe kuliko kazi yako.

Kwa betri, T480 ina jibu lake. Ina betri mbili: moja ya ndani ya wati-saa 24, nyingine ya nyuma inayochomolewa, ambayo ikiwa ile kubwa hufika wati-saa 72. Unachomoa ya nyuma, unapachika ya akiba, na mashine haizimi kwa sababu ya ndani inashikilia. Kanuni za ndege zinaruhusu betri isiyozidi wati-saa 100 bila kuomba kibali, ila ya akiba lazima ukae nayo kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo unaokwenda chini. Udhaifu ni kwamba ukinunua mashine iliyotumika umenunua pia betri iliyochoka. Kwa hiyo usimsikilize muuzaji, mwombe dakika mbili, andika *powercfg /batteryreport* kwenye lile dirisha jeusi la amri la Windows (Command Prompt), kisha fungua faili linalotengenezwa. Humo kuna namba mbili kwa kila betri: uwezo iliozaliwa nao na uwezo uliobaki. Kama ya ndani ilizaliwa na miliwati-saa 24,000 na sasa inajaa 11,000, hapo umeshapata pa kuanzia kupunguza bei.

Sasa niseme linalonifanya niandike. Maswali tunayoulizana kuhusu kompyuta za safari ni ya siku nzuri: ina uzito gani, inakaa na chaji saa ngapi, inapendezaje mezani mbele ya mteja. Swali la msafiri ni la siku mbaya. Ikiharibika Jumatatu asubuhi katika mji usio wako, nawe una kikao Jumatano, utakaa bila kazi kwa muda gani?

Chukua ajali ya kawaida kabisa, chai imemwagika juu ya kibodi. ThinkPad za aina hii zina matundu ya kutolea maji chini ya kibodi, hivyo mara nyingi chai hupita na kutokea upande wa pili bila kugusa bodi mama, ule ubao mkuu unaobeba sakiti zote. Kibodi ikifa, hutolewa kwa juu na kupachikwa nyingine, na kwa kuwa ofisi nyingi duniani zilinunua mashine hizi kwa maelfu, vipuri vyake vimezagaa. Kwa Air, kibodi imepigwa ribiti kwenye ganda la juu, na kuibadilisha vizuri maana yake ni kubadilisha ganda zima. Fundi anayeiweza kazi hiyo yupo, lakini yuko Dar es Salaam au Nairobi, na kipuri pengine kinasubiriwa kutoka Dubai.

Hiyo ndiyo ajali ndogo. Kubwa ni bodi mama kufa, na hapa ndipo hesabu zote za gramu huvurugika. Ndani ya Air diski imechomelewa kwenye bodi, na data imefungwa kwa chipu iliyoko humo humo. Bodi ikifa na kazi imekufa nayo, labda uwe umehifadhi nakala mahali pengine. Ndani ya T480 diski ni kipande unachokitoa kwa kufungua skrubu chache za kifuniko cha chini. Na bei ya Air mpya dukani inanunua T480 mbili, chenji ikabaki. Mtu mwenye mbili zinazofanana, moja safarini na moja kwa mwenzake ofisini, bodi ikifa anahamisha diski, anawasha, na kila faili lipo pale alipoliacha. Sharti ni moja: kama diski imefungwa kwa BitLocker, lile kufuli la data la Windows, na kwa msafiri inapaswa kufungwa, lazima awe na ile namba ya dharura ya tarakimu 48. Mashine ngeni itamdai hiyo kabla ya kumfungulia, na ikiwa ameiandika ndani ya kompyuta iliyokufa, basi tena.

Najua nitakachojibiwa: siku hizi kila kitu kiko kwenye wingu. Ndiyo, kwa aliye na mtandao. Jedwali ulilolijaza jana usiku mahali ambapo bando lilikuwa linasoma 2G halijapanda winguni. Liko kwenye diski hiyo hiyo. Posho ya safari nayo haijawahi kuwa na kifungu cha bodi mama.

Kuna pingamizi moja ambalo watetezi wa mashine kuukuu hulipita haraka, nami sitaki kulipita. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali vichakato vya Intel vya kabla ya kizazi cha 8. Mitaani zimejaa T470 na ndugu zake za kizazi cha 7 na cha 6, zinang'aa, bei yake tamu. Mtu anayeunganisha kompyuta kwenye Wi-Fi ya hoteli na ya viwanja vya ndege asizichukue. T480 nyingi zimepona kwa sababu zina kichakato cha kizazi cha 8, japo nazo zina doa lao: tundu la USB-C la ThinkPad za miaka ile lilikuwa na kasoro ya programu iliyoweza kuliua kabisa. Lenovo ilitoa sasisho la kutibu, kwa hiyo hakikisha limewekwa, kisha chaji mashine kupitia tundu hilo mbele ya muuzaji kabla hujatoa pesa.

Chaja haziamui ubishi huu, kwa kuwa zote mbili zinakula USB-C, na chaja moja ya wati 65 inatosha mashine na simu. Kumbuka tu plagi: ya pini tatu bapa ya Dar na Nairobi mara nyingi haiingii ukutani Kigali wala Bujumbura.

Nani basi anunue Air? Ambaye safari zake ni Nairobi, Addis Ababa, Johannesburg na kurudi, ambaye ofisi yake ina mtu wa IT na mashine ya akiba kabatini, ambaye kazi yake ni mikutano na mawasilisho. Huyo akibeba T480 anajitesa bure. Lakini wengi wanaopewa ushauri wa Air hawasafiri hivyo. Wanapanda basi, wanabadilisha gari, wanafanya kazi mji ambao fundi wake hodari amezoea Lenovo, HP na Dell, na mashine wamejinunulia wenyewe.

T480 yenyewe haitadumu milele. Mrithi wake, T490, tayari alipoteza betri ya kuchomoa, na RAM yake (kumbukumbu ya kufanyia kazi) nusu ikachomelewa kwenye bodi, hivyo kwa miaka kadhaa ilionekana upande huu nao unaiga wembamba. Mwaka 2024 Lenovo ikatoa T14 ya kizazi cha 5, yenye sloti mbili za RAM na betri ambayo mtumiaji anaweza kuibadilisha mwenyewe, na iFixit, wale wanaofungua vifaa na kuvipima, wakaipa alama 9 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengenezeka. Kwa mtindo wa makampuni ya Ulaya kubadilisha kompyuta kila baada ya miaka mitatu au minne, Kariakoo na Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme Nairobi, hatutazisubiri muda mrefu.