Mbona aanze kupimwa mke?

Dada mmoja jirani yangu ana bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Ndani mna picha za utrasaundi, majibu ya homoni na eksirei ya mirija ya uzazi. Yuko kwenye ndoa mwaka wa sita. Karatasi yenye jina la mumewe haimo hata moja.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na ugumba maishani, wake kwa waume. Mke anaweza kuwa na mirija iliyoziba kwa klamidia au kisonono kisichotibiwa, na huenda aliyemwambukiza ni mumewe mwenyewe, ambaye hakuona dalili yoyote. Mume naye anaweza kuwa na mbegu chache, mishipa ya korodani iliyovimba, au madhara ya matubwitubwi aliyougua akiwa mkubwa.

Ndugu wa mume wanaodai mtoto siwaiti wabaya. Mkulima asiye na pensheni humtegemea mtoto uzeeni, na mjane asiye na mtoto anaweza kunyang'anywa shamba kabla matanga hayajaisha. Wakurya wa Mara wana nyumba ntobhu: mwanamke asiyezaa humwoa mwanamke mwenzake ili apate watoto wa kumrithi. Wazee wale walitambua kuwa si kila mtu huzaa, wakaweka utaratibu. Hata wanaoamua wenyewe kutozaa hawana budi kujibu swali hilo la uzee.

Ninachokikataa ni mke kuitwa tasa, na mume kutafutiwa mke wa pili, kabla mume mwenyewe hajapimwa. Nadhani mzizi wake ni hofu. Wanaume wengi tunachanganya uzazi na urijali, tukidhani majibu mabaya ya mbegu ni sawa na kuambiwa wewe si mwanamume. Mtu anaweza kuwa rijali kamili na mbegu zisiwemo kabisa. Akigundua hivyo hunyamaza, na mkewe anaendelea kuulizwa kwenye kila arobaini ya mtoto wa mwenzake, "Na wewe lini?"

Kipimo chenyewe cha mume ni kutoa manii kwenye kikopo tu, baada ya kukaa siku 2 hadi 7 bila kuyatoa. Hakuna sindano wala eksirei. Jumatatu dada yule anarudi kliniki na bahasha yake. Natamani safari hii waende wawili.