Mbwa wa Alaska Walipogoma Kuongea

Niliapa. Mbele ya mke wangu, watoto wetu watatu na mama mkwe, niliapa kwamba kwenye muvi ya Snow Dogs mbwa wanaongea mwanzo mpaka mwisho.

Uhakika nilikuwa nao, maana niliiona kwa macho yangu, Ngamiani, Tanga, nikiwa darasa la tano. Banda la video, kiingilio shilingi 100, mabati juu, watoto hamsini chini, joto la kuivisha yai, na sisi tunatazama theluji. Muvi yenyewe ilitoka Marekani mwaka 2002. Kwetu ilifika kwenye CD iliyokwisha kuchunika. Mbwa mkali wa mbele aliitwa Jini, na Jini alikuwa mtu wa kwetu kabisa. "Weye daktari wa meno," alimwambia Cuba Gooding Jr., "huku si kwenu. Huku hata mate yaganda kabla hayajafika chini!" Kulikuwa na Bi Nana pia, jike la makamo, kazi yake kusuluhisha. Nilicheka nikaanguka kutoka kwenye benchi. Kovu ninalo mpaka leo, juu ya jicho la kushoto.

Basi Desemba iliyopita, shule zimefungwa na mama mkwe yuko kwetu Dar kwa wiki mbili, nikaenda kwa kijana anayepakia muvi kwenye flashi. Alitafuta kwa tabu, akaniuliza kama nina hakika ndiyo hiyo ninayoitaka. Ningemsikiliza. Nyumbani nilishaitangaza siku nne nzima. Binti yangu mkubwa, Mwanaidi, aliitangaza madrasa. Jumamosi baada ya isha nikakuta watoto tisa kwenye mkeka, wangu watatu tu, na mke wangu anakaanga bisi kwa sufuria ya pilau.

Mama mkwe alichagua kiti cha mlangoni. Kwake mbwa ni mbwa, hata akiwa ndani ya tivii. Kila wale wanyama walipokimbia kuelekea upande wetu, alikusanya upindo wa kanga yake, taratibu, usije ukaguswa.

Muvi ikaanza. Ted Brooks, daktari wa meno wa Miami, kijana nadhifu, mambo yake safi. Ghafla anapata habari kwamba mama aliyemlea siye aliyemzaa. Mama yake mzazi amefariki huko Alaska na amemwachia nyumba pamoja na kundi la mbwa wa kuvuta ile mikokoteni isiyo na magurudumu.

"Urithi wa mbwa?" mama mkwe akauliza. Akarudi kwenye tasbihi yake.

Mbwa wakatokea. Wakabweka. Basi.

"Baba, mbona hawaongei?"

"Wanamsoma kwanza. Ni mgeni."

Wakambwekea tena. Ted akaanguka. Akainuka, akaburutwa, akaanguka upande wa pili. Utotoni sikugundua jamaa anaanguka kiasi kile. Mtu ana Oscar! Ukiondoa maneno ya mbwa, ile muvi ni dakika 99 za mwanaume kuteleza, na mzee James Coburn, anayewataka wale mbwa, amekunja uso kama anayedai kodi ya miezi sita. Mtoto wa jirani akaanza kulala. Mwingine akasema kwao kuna katuni. Mwanaidi hakusema kitu, ila niliona kidevu kinamcheza. Jumatatu madrasa angeiweka wapi sura yake?

Nikatoka barazani kumpigia kaka yangu, ambaye siku ile tuliingia naye bandani.

"Kaka, wale mbwa wa Alaska, si walikuwa wanaongea?"

Alicheka mpaka nikahamisha simu sikio la pili. "Wewe mjinga bado? Ile si ilikuwa imetafsiriwa? Mtafsiri ndiye aliyekuwa mbwa!"

Nilisimama pale na mbu zangu. Na wala hakuwa Lufufu mwenyewe, yule mtafsiri maarufu wa muvi, alikuwa mwingine tu aliyejaribu kumwiga. Zaidi ya miaka ishirini nimempenda mbwa, kumbe ni baba wa watu na kipaza sauti chake.

Niliporudi ndani watoto wawili walikuwa wanatafuta ndala zao. Nikashika rimoti, nikazima sauti. "Ilikuwa haijawekwa vizuri," nikasema, Mungu anisamehe. Kisha nikakohoa na kumwita Jini.

Mwanzo nilinong'ona, maana kubweka mbele ya mama mkwe si jambo unalofundishwa na somo wala kungwi. Lakini watoto wakacheka, na mimi kichwa kikavimba. Ted alipomng'ata yule mbwa sikio nilipiga yowe: "Uwii! Daktari gani weye, wamng'ata mgonjwa?" Ilipojulikana kwamba Coburn ndiye baba mzazi, nikampa Bi Nana nafasi: "Mzee mzima huna haya! Mtoto umemtupa, leo wataka mbwa?"

"Mwambie!" sauti ikatoka mlangoni.

Sote tukageuka. Mama mkwe alikuwa anahesabu tasbihi, macho kwenye dari.

Koo likanikauka. Nikainua kikombe cha maji, na nikiwa katikati ya funda watoto wakapiga kelele: "Baba, ongea! Midomo inacheza!"

Nikatazama. Ufukwe, jua, mbwa wamejilaza kwenye viti kama watalii, na midomo yao, wallahi, inapanda na kushuka. Ted alikuwa anaota. Muvi nzima mbwa wanaongea sehemu hiyo moja tu, na hiyo ndiyo niliyoizimia sauti. Maji yakapita puani. Nikapapasa rimoti huku nakohoa. Haipo mkekani, haipo chini ya mto, nikaichomoa ndani ya sufuria ya bisi, imejaa chumvi. Nikabonyeza. Ted akaamka.

Nikairudisha nyuma. Mbwa wakaongea, Kiingereza, kwa adabu ya kutosha. Watoto wakawasikiliza kimya.

"Hawa siyo," akasema mwanangu wa mwisho, wa miaka minne. "Warudishe wale wa Tanga."

Mke wangu naye alikuwa kwenye simu yake anasoma. Kumbe hata Marekani watoto waliliwa hivyo hivyo: tangazo la muvi liliwaonyesha mbwa wanaongea, wakaenda sinema na wazazi wao, wakakuta ni ndoto tu. "Na hiyo Alaska yenyewe," akaongeza, "wamepigia picha Kanada." Nikamwomba aweke simu chini. Muvi nikaimaliza kwa sauti yangu mwenyewe, na Jumapili sikuweza kuitikia hodi.

Asubuhi hiyo nilimkuta mama mkwe mezani na chai yake na vitumbua. Nikamwamkia kwa mkwaruzo uliobaki kooni. Akaitikia bila kunitazama, akanisogezea sahani. Kimya kikapita.

"Baba Mwanaidi."

"Naam, mama."

"Yule bibi mbwa." Akakoroga chai ambayo ilikwisha korogwa. "Alimwambiaje vile yule mzee?"

Nikaweka kikombe chini, nikatafuta sauti ya Bi Nana.